Sauti na Nyumba Yake

Ngoma haipigwi kabla ya kuota moto. Desturi hii ni moja kwa mpigaji wa Pwani na kwa mpigaji wa bara: ngozi iliyolegea kwa unyevu husogezwa karibu na moto, hujaribiwa kwa kiganja, hurudishwa motoni tena, mpaka sikio liridhike. Mpigaji wa kanuni naye, kabla taarab haijaanza, hukaza nyuzi zake moja baada ya moja. Kukirekebisha chombo ili kiseme kweli si jambo geni katika utamaduni wa Waswahili. La ajabu ni kwamba spika za kompyuta, ambazo siku hizi ndizo zinazobeba sauti za waimbaji na malenga waliotangulia, huwekwa mezani na kusikilizwa bila ya kurekebishwa hata mara moja.

Mkula ni kijiji kilicholala chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, katika bonde la Kilombero. Milima iliyo juu yake ina ushahidi mkubwa wa uwezo wa sikio. Mwaka 1979, watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika msitu wa Mwanihana, upande wa Sanje, jirani na Mkula. Huko walisikia mlio wa kima ambaye hakutarajiwa kabisa kuwapo sehemu ile ya Tanzania. Wenyeji walimjua mnyama huyo na kumwita ngolaga. Elimu ya vitabu ndiyo iliyokuwa haimjui. Sauti yake ilitangulia, umbo lake likafuata.

Kabla ya hapo, mwaka 1975, Peter Waser alichapisha matokeo ya majaribio yake katika msitu wa Kibale, Uganda, juu ya kima wa jamaa hiyo hiyo. Alirekodi mlio wao wa masafa marefu, kisha akaurudisha msituni kwa spika. Makundi yaliyousikia yalisogea mbali, kama yanavyomkwepa jirani aliye hai. Kima hawakudanganyika kwa bahati. Mlio ulipita katika spika na katika miti, na bado ukabaki na alama zake za kutosha kutambulika. Hapa ndipo lilipo swali la historia nzima ya vyombo vya sauti: sauti inapopita katika chombo na katika mahali, ni kiasi gani cha kinachofika sikioni ni chake yenyewe, na ni kiasi gani ni cha chombo na cha mahali?

Aliyeanza kulijibu swali hili kwa vipimo alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa aponye ukumbi wa mihadhara ambao maneno yake hayakusikika. Neno moja lilikaa hewani zaidi ya sekunde 5, likayafunika yaliyolifuata. Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipotulia, kwa bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake. Alihamishia ukumbini mito ya viti kutoka jumba jingine na kupima jinsi kila mto ulivyopunguza mvumo. Alithibitisha kwamba ukumbi una tabia yake, na kwamba tabia hiyo hupimika. Waswahili walikwisha kulisema jambo hilo kwa namna yao: debe tupu haliachi kuvuma.

Wakati huo huo sauti ilikuwa imeanza kuhama kutoka vinywani na kuingia katika santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Ulikuwa mwanzo wa zama za kurekodi kwa umeme, uliokuwa umeshika njia tangu mwaka 1925. Mitambo ya zama hizo ilibeba takriban mitetemo 100 hadi 5,000 kwa sekunde, yaani hezi 100 hadi 5,000, ilhali sikio la kijana hufika karibu na hezi 20,000. Zaidi ya hayo, mafundi walipunguza kwa makusudi nguvu ya sauti nzito wakati wa kuchonga sahani, ili mifereji yake isigongane. Mchezaji wa santuri alitakiwa airudishe nguvu hiyo. Lakini kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Kipimo kimoja kilikubaliwa na wenye viwanda vya santuri wa Marekani mwaka 1954 tu, miaka minne baada ya Siti kufariki.

Kwa sababu hiyo, santuri ya mwaka 1928 ikichezwa kwa kipimo cha baadaye, sauti inayotoka si ile iliyochongwa. Msikilizaji huhukumu kwamba mwimbaji alikuwa na sauti nzito iliyofifia, kumbe kosa ni la kipimo. Akiongeza juu yake spika ndogo ya kompyuta na chumba chenye mvumo, sauti hiyo imevishwa nguo tatu zisizo zake.

Njia ya kuzivua nguo hizo imetoka katika hisabati. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake juu ya joto, alionesha kwamba hata umbo lililochangamana laweza kuvunjwa kuwa jumla ya mawimbi sahili. Kwa mkono, hesabu hiyo ilikuwa ndefu mno. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato. Kwa vipimo 1,024 vya sauti, njia ya kawaida hudai hatua zipatazo milioni moja. Njia ya mkato hudai takriban 10,000. Mwaka 1982 diski ya CD ilipoingia sokoni, ikiigawa kila sekunde ya sauti katika vipande 44,100, sauti ilikuwa imekwisha kuwa namba, na namba hukubali kuhesabiwa. Mwaka 2000 Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, aliwasilisha namna ya kupima chumba na spika kwa mlio mmoja unaopanda polepole kutoka uzito hadi wembamba. Kazi iliyomkesha Sabine siku nyingi sasa humalizika katika muda wa dakika chache, kwa kompyuta ya nyumbani, maikrofoni ya kupimia na programu ambazo baadhi yake hutolewa bure.

Umeme wa mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, huzalishwa jirani na Mkula. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijiji vingi vya Tanzania viliendelea kusikiliza redio za betri, na Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Pale umeme unapofika, kompyuta na spika hufuata. Na kichukuliwe mfano wa chumba cha kawaida cha kijijini: kuta za tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, paa la bati, urefu mita 4, upana mita 3. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Urefu wa mita 4 hukifanya chumba kivume kwenye hezi 44 na tena kwenye 87. Upana wa mita 3 hukifanya kivume kwenye 58 na 116. Sauti ya mwanamume anayesoma shairi hutembea mle mle, baina ya hezi 85 na 180. Silabi moja huvimba, ya pili hufifia, bila ya msomaji kukusudia. Kwa mpenzi wa ushairi hilo si jambo dogo, kwa kuwa mizani na vina huishi ndani ya silabi.

Utaratibu wa kurekebisha ni mwepisi kueleza. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji hufanya pembetatu yenye pande sawa, mbali kidogo na kuta. Maikrofoni husimamishwa mahali pa kichwa. Mlio hupigwa saa ya utulivu, mvua ikiwa haipo, maana bati likinyeshewa hakuna kipimo. Kompyuta hulinganisha kilichotumwa na kilichorudi, kisha hutengeneza kichujio kinachopunguza kila kilichozidi. Fundi mwenye busara hupunguza vilima na hayajazi mashimo yote, kwa sababu shimo linalotokana na mawimbi kuuana halijai. Kuongeza nguvu pale ni kumimina maji katika pakacha. Wala kichujio hakishindi kanga nzito ukutani, jamvi sakafuni na godoro pembeni, ambazo hufanya kazi ile ile ya mito ya Sabine.

Hesabu nayo haina neno la mwisho. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii mitetemo yote kwa usawa, na kwamba usawa huo hubadilika kadiri sauti inavyopandishwa au kushushwa. Mstari ulionyooka katika kioo cha kompyuta si lazima uwe ukweli sikioni. Baada ya vipimo vyote, msikilizaji hurudi kule alikokuwa mpigaji ngoma: hujaribu, husikiliza, hurekebisha tena.

Lakini liko jambo moja ambalo halina budi kuangaliwa. Sauti za kale sasa zinanakiliwa kwa wingi, kutoka santuri na tepu kwenda katika kompyuta. Anayefanya kazi hiyo kwa spika isiyopimwa husikia uzito usiokuwepo, akaupunguza. Husikia ukali usiokuwepo, akaukata. Kisha huihifadhi nakala hiyo na kuiita asili. Hapo ugonjwa wa chumba kimoja umeandikwa ndani ya sauti ya marehemu, na kila atakayeipokea nakala ile atairithi kasoro ya nyumba asiyoijua. Spika mbovu hubadilishwa, ukuta huvikwa jamvi. Lakini nakala ya pekee ikishakatwa, hakuna programu inayoweza kurudisha kisichokuwamo tena.

Kwa hiyo urekebishaji wa spika na uhariri wa sauti ni kazi mbili, na heshima kwa wahenga inataka zitenganishwe. Kasoro ya nyumba isahihishwe nyumbani. Kichujio kikae baina ya kompyuta na spika, kiondoke spika inapobadilishwa au chumba kinapohamwa, na rekodi yenyewe iachwe kama ilivyopokewa, pamoja na mikwaruzo yake. Kima wa Mwanihana alijulikana kwa sababu mlio wake ulifika kwa watu wenye masikio ya kuutambua, na hakuna aliyeulainisha njiani. Siti binti Saad na wenziwe wanastahili japo hicho alichopewa kima: kufika kwa msikilizaji, awe Mkunazini au Mkula, na sauti zao wenyewe.