Barua ya Askari wa Keya

Msomaji, ukisimama ufukoni mwa Homa Bay wakati wa jua kuchwa, utaona maji ya Ghuba ya Winam yametulia, mitumbwi ya wavuvi inatengenezwa kwa kazi ya usiku, na kilima cha Asego kimesimama karibu na mji kama mlinzi. Si rahisi kufikiri kwamba maji haya matulivu yalikuwa mwanzo wa safari ya kwenda vitani Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kijana aliyeandikwa jeshini alipanda meli ya ziwani mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu akapanda gari la moshi, kwa reli iliyofika huko mwaka 1901, akashuka nalo hata Mombasa. Bandarini Kilindini aliiona bahari kwa mara ya kwanza, na pengine alionja maji yake asadiki kuwa yana chumvi.

Katika vita vya pili vya dunia, yaani tangu 1939 hadi 1945, karibu watu 98,000 wa Kenya waliingia jeshini. Nchi ya Homa Bay wakati huo ilikuwa katika wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kusini, na makao ya serikali yalikuwa Kisii. Wazee wa huko walikuwa wamekwisha kuijua vita. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii yenyewe, na baadaye vijana wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, kazi iliyowaua wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kwa hiyo vita vya pili vilipozuka, haikuwa furaha tupu. Wengine walikwenda kwa hiari, wakitazamia mshahara wa kununulia ng'ombe. Wengine walitolewa na machifu wao, wakapenda wasipende. Wote watu waliwaita askari wa Keya, jina lililotokana na herufi za Kiingereza za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902.

Sasa nataka uniruhusu niache habari za majemadari, maana hizo utazipata katika vitabu vingi, nikuulize jambo moja dogo. Mtu aliyeacha mke nyumbani, asiyejua kusoma wala kuandika, aliwezaje kumwambia kwamba anamkumbuka?

Alikuwa na barua tu. Na barua hiyo haikuwa yake peke yake. Kwanza alimtafuta mwenzake ajuaye kuandika, akaketi karibu naye, akamtajia maneno. Pili, barua ilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi, ambao kazi yao ilikuwa kufuta kila neno lililoweza kumfaa adui, na ambao walisoma pia kila neno lisilomfaa adui. Kisha ilivuka bahari, ikapanda gari la moshi, ikavuka ziwa. Na ilipofika kijijini, mke naye kama hakusoma alimpelekea mwalimu, au mtoto wa shule. Watu wa upande wa Kendu Bay walikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, wakafungua shule na hata kiwanda cha kupiga chapa, na waliosoma hawakuwa haba. Hata hivyo, fikiri: mtoto wa rika lako, amesimama mbele ya mama mtu mzima, anasoma kwa sauti maneno ya mume kwa mkewe, na wakwe wanasikiliza! Mume alijua hayo tangu alipokuwa akitaja maneno yake. Basi si ajabu kwamba mtu alijaza karatasi kwa kuuliza habari za ng'ombe, mvua, mtama na afya ya mama yake. Mimi naamini kwamba anayeuliza mara tatu kama paa la nyumba linavuja, haulizi habari za paa.

Kulikuwa na neno jingine zito kwa Mjaluo. Kwa desturi yao, kupanda mbegu hakukuwa kazi ya jembe tu. Mwenye boma na mke wake mkubwa waliuanza msimu pamoja, na wake wengine na wana wakafuata kwa zamu. Mvua ilipoanza kunyesha na mume yuko Burma, jambo lenyewe la kupanda lilimkumbusha mke kwamba mahali fulani pa wazi hapajajazwa. Nyumba nayo hujengwa na mume. Boma jipya halianzishwi bila yeye. Kwa hiyo kutokuwapo kwake hakukuumiza moyo tu, bali kulisimamisha mambo mengi ya nyumbani.

Fedha nazo zilileta maneno. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake nyumbani. Lakini ni nani atakayeipokea, mke au baba, au ndugu? Wengi waliwataja ndugu zao wa kiume, na baadaye ikawa ugomvi, kwa maana mke alisikia kwamba fedha imekuja, asiione. Wakati huohuo makambini kule Ceylon, kisiwa ambacho sasa ni Sri Lanka, uvumi ulienea kwamba wake wa askari wanachukuliwa na wanaume waliobaki. Wengine walikuwa hawajarudi nyumbani tangu vita vya Ethiopia vya 1941, au tangu vita vya Bukini vya 1942, na kila walipoomba likizo waliambiwa meli hakuna. Maofisa walishughulishwa sana na manung'uniko hayo. Ukitafuta sababu za uchungu wa askari wetu, usitazame risasi za Wajapani peke yake.

Hata bahari ilikuwa na adui. Tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tatu tu. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari zilizokuwa zikiilinda zililazimika kutupa mabomu majini ili kuiua nyambizi, na waliosalimika walikuwa bado wanaogelea papo hapo.

Waliofika walipelekwa Burma katika kikosi kikubwa cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chenye alama ya kifaru. Tangu Agosti 1944 waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika makali ya huko. Matope yalifika magotini, ruba waliwanyonya damu, malaria iliwaangusha, na chakula chao kilitupwa kutoka katika ndege. Mwanzoni mwa Desemba waliutwaa mji wa Kalewa, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la kuelea la urefu wa mita 350 hivi. Mtu wa Homa Bay alikuwa amezoea mvua na maji, lakini si maji ya namna hiyo.

Si wote waliorudi na moyo uleule waliokwenda nao. Katika kitabu alichotoa mwaka 1995, Barack Obama anasimulia habari za babu yake Hussein Onyango, mtu wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, aliyekwenda ng'ambo kumpikia ofisa wa Kiingereza. Baada ya miaka mitatu, kitabu chaeleza, alirudi na gramafoni, na picha ya mwanamke aliyedai kumwoa Burma. Wake zake waliipokeaje picha ile? Hebu waza mwenyewe.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini meli zilikuwa chache, na wengi walingoja hata 1946. Walipofika bandarini Homa Bay walikuta watoto wasiowajua, wakijificha nyuma ya mama zao.

Na wale wasiorudi? Wajaluo hawapendi mtu wao alale mbali na boma lake. Mwili usipopatikana, jamaa huchukua tunda la mti wa yago, ambao kwa Kiswahili ni mwegea, tunda refu na zito, wakalizika mahali pa mwili, na kilio hulia kama kawaida. Majina ya waliopotea katika Khedive Ismail yamechongwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Ya wengi waliofia Burma bila kaburi yako Taukkyan, karibu na Yangon, juu ya nguzo za mawe zenye majina karibu 27,000. Mjane wa Homa Bay hakuziona nguzo hizo. Alilijua tunda lililozikwa penye boma lake, na mahali hapo alipapita kila asubuhi akienda ziwani kuchota maji.