Ukurugenzi nao ni dhamana

Juma lililopita nilishuka Picha ya Ndege, pale Kibaha, kufuata meza niliyoagiza kwa fundi seremala. Nikakuta bango jipya. Palipokuwa na jina lake, sasa pana jina la kampuni na neno "Limited". Akaniambia kwa furaha: "Kaka, siku hizi mimi mkurugenzi. Mdogo wangu naye mkurugenzi, tuliambiwa wanatakiwa wawili, akaweka sahihi tu. Deni likija ni la kampuni, si letu."

Nilimpongeza. Lakini njiani nilijiuliza: Je, nusu ya pili ya habari hiyo wameambiwa?

Nusu ya kwanza ni kweli, na ina historia yake. Mwaka 1892 mtengeneza viatu wa London, Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wanahisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Mwaka uliofuata kampuni ikaanguka, na yeye mwenyewe akadaiwa. Mwaka 1896 Baraza la Malodi likaamua kuwa kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, na madeni yake si ya Salomon. Fikra hiyo ilitufikia Tanganyika enzi za utawala wa Mwingereza, kupitia Sheria ya Makampuni, Sura ya 212.

Hata hivyo, wengi wetu hatukuizoea. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi, pamoja na mkewe au mumewe, kuwa na hisa katika kampuni au kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Kwetu mkurugenzi akabaki kuwa bosi wa shirika la umma, mwenye gari na dereva. Hasara ikitokea, Serikali ipo. Februari 1991, huko Zanzibar, CCM ililegeza masharti hayo. Milango ikafunguka. Cheo tukakipokea, mzigo wake hatukufundishwa.

Mzigo huo ndio nusu ya pili. Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006 mahali pa ile ya mkoloni, inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema na kwa manufaa ya kampuni, awe mwangalifu, na atangaze maslahi yake katika mikataba ya kampuni. Taarifa ya kila mwaka ipelekwe BRELA. Fedha za kampuni si za mfukoni mwake. Akizichota kulipia karo ya mwanawe, amechota za mtu mwingine, hata kama mtu huyo hana mdomo wa kulalamika.

Kwenye kodi ndiko kuna miiba. Kodi inayokatwa katika mshahara wa kijana anayeshika randa si mali ya kampuni. Ni amana, na inatakiwa iwe imefika TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kampuni isipolipa kodi kwa wakati, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu deni liwafuate wanaoisimamia, wakurugenzi wakiwemo, wao binafsi. Ajiokoaye ni yule awezaye kuonyesha kuwa alichukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua. Hapo uamuzi wa mwaka 1896 haumfichi mtu.

Sasa mfikirie yule mdogo mtu "aliyeweka sahihi tu". Hajawahi kufungua daftari la hesabu. Siku barua ya madai ikija, atasema alichukua tahadhari gani?

Zamani mwana-TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana. Watu wakadhani maneno hayo ni ya wanasiasa peke yao. La hasha! Hata mkurugenzi wa karakana ya watu wawili ameshika dhamana: ya mdai, ya mfanyakazi na ya taifa.

Nitarudi Picha ya Ndege kuchukua viti. Safari hii nitaanza kwa kumwuliza mdogo mtu: Daftari liko wapi?