Ruzuku ya Kila Kichwa



Wapendwa waamini, katika kikao kilichopita cha Halmashauri ya Walei lililetwa wazo jema: parokia ijenge makao ya kuwalea na kuwasomesha watoto wanaozurura sokoni na stendi, pamoja na wale waliokwisha kufikishwa polisi mara moja au mbili. Walioleta wazo hilo waliambatanisha andiko. Ndani yake mlikuwa na jedwali lililoonyesha kwamba fedha za umma zingeombwa kwa hesabu ya watoto watakaolala humo, kila mtoto na fungu lake. Tunakiri kwamba, kabla hatujafungua ukurasa wa pili, tulikuwa tumekwisha kuchukua kalamu na kuzidisha. Watoto 40, mara kiasi kile, mara miezi 12. Kisha tukajiuliza: je, wakifika 60? Paa la kanisa letu linavuja, nanyi mnalijua.

Ndipo tukaikumbuka Ayalandi.

Hatuitaji nchi hiyo kwa dharau. Mapadre na masista wa Ayalandi walivuka bahari wakajenga shule na zahanati katika Afrika Mashariki, na wapo wazee kati yetu waliojifunza kusoma mbele yao. Tunaitaja kwa sababu huko jambo hilihili lilifanyika kwa miaka zaidi ya 100, likafanywa na Wakatoliki wema kwa fedha za serikali, na mwisho wake unajulikana kwa maandishi.

Mwaka 1858 ilitungwa sheria ya shule za maadilisho, kwa ajili ya watoto waliotiwa hatiani. Mwaka 1868 ikafuata sheria ya shule za kazi, na hizi zilikusudiwa watoto ambao hawakuwa wamekosa lolote: yatima, waliotelekezwa, waliokutwa wakiomba barabarani. (Mwaka huohuo wa 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianza misheni ya Bagamoyo, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani na kuwafundisha kilimo na ufundi. Wazo la kumwokoa mtoto kwa sala, daftari na jembe lilikuwa wazo la zama zile, huko na huku.) Ayalandi wakati ule ilikuwa chini ya Uingereza, nayo serikali haikujenga shule hizo. Ilizikabidhi kwa walio tayari kuziendesha, na kwa Wakatoliki hao walikuwa mashirika ya kitawa. Shirika lilitoa jengo na walezi. Serikali na mamlaka za wilaya zilitoa ruzuku kwa kila kichwa. Mtoto alipelekwa na hakimu, na kwa kawaida aliweza kushikiliwa mpaka atimize miaka 16. Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 iliukusanya utaratibu huo pamoja, na hata baada ya nchi kujitawala mwaka 1922 sheria hiyo haikuguswa sana kwa miongo mingi.

Hapa tuombe msomaji atulie kidogo, maana kiini cha habari kiko kwenye mfuko. Watoto wengi mno walioingia shule za kazi waliingia kwa sababu ambayo karatasi za mahakama ziliiita kukosa ulezi unaofaa. Kwa lugha ya nyumbani, hiyo maana yake ni umaskini: mama mjane, baba mgonjwa au aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo, chumba kimoja na watoto saba. Pensheni ya wajane na yatima ilianza kwa sheria ya mwaka 1935. Posho ya watoto ilianza mwaka 1944, tena kwa kuanzia mtoto wa tatu. Kabla ya hapo, mama aliyeshindwa kulisha watoto wake hakuwa na cha maana cha kutegemea kutoka serikalini. Lakini watoto walewale wakiondolewa kwake na kupelekwa shule ya kazi, fedha za umma zilitoka kila juma bila kukosa. Kwa hiyo mtoto aliweza kusaidiwa kwa sharti kwamba kwanza atenganishwe na mama yake.

Na upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwaje? Nyumba kubwa ina gharama zisizopungua. Paa ni lilelile, jiko ni lilelile, wawe watoto 200 au 120. Ruzuku inayofuata kichwa ikipungua kwa watoto 80, mkuu wa nyumba hawezi kulipunguza paa. Atafanya nini? Atatafuta vichwa. Tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake mwaka 2009 chini ya Jaji Seán Ryan ililisema jambo hili bila kuzungusha: utaratibu wa ruzuku ya kichwa uliwafanya wakuu wa shule kudai wapelekewe watoto ili nyumba zao zisife. Hatudhani kwamba watawa hao waliamka asubuhi wakasema wanakwenda kufanya biashara ya watoto. Walilalamika kwamba ruzuku ni ndogo, na hawakuwa wakisema uongo mtupu. Waliona madeni, waliona chakula kinakwisha, wakaandika barua. Sisi wenyewe tulikwisha kushika kalamu, na makao yetu hayajachimbiwa hata msingi.

Shule kubwa kuliko zote ilikuwa Artane, Dublin, iliyoendeshwa na shirika la Christian Brothers kuanzia mwaka 1870 hadi 1969. Iliruhusiwa kuchukua wavulana 830. Palikuwa na shamba, karakana za ushonaji na za viatu, na bendi mashuhuri iliyopiga muziki uwanja wa Croke Park siku za fainali. Maelfu ya watu waliwashangilia wavulana hao wakiwa katika sare zao, kisha wakarudi nyumbani. Elimu, ambayo ndiyo ilikuwa sababu ya kuwakusanya, ilishika nafasi ya pili; tume ilikuta kwamba mafunzo ya kazi yalipangwa kwa kufuata mahitaji ya nyumba kuliko mahitaji ya kijana. Akishona, alishona nguo za shule. Akilima, alilima shamba la shule. Miaka 16 ikitimia alifunguliwa mlango. Kuhusu vipigo, na kuhusu dhambi nyingine tunayoona haya kuiandika mahali watoto wa Utoto Mtakatifu wanaposoma, inatosha kusema kwamba kamati moja ya tume hiyo iliwasikiliza faraghani watu 1,090, wanaume kwa wanawake, na walitaja taasisi zaidi ya 200.

Swali linalotusumbua kama padre ni kama hapakuwa na aliyeona. Walikuwapo. Daktari Anna McCabe, mkaguzi wa afya wa serikali kuanzia mwaka 1939, aliandika kwamba watoto hawalishwi vya kutosha, na kwa kusukuma kwake chakula kiliongezeka baadhi ya mahali. Lakini wizara yake ilikuwa na unyenyekevu wa kupita kiasi mbele ya mashirika. Tume ilieleza wazi kwamba heshima hiyo ndiyo iliyoupofusha ukaguzi. Mkaguzi alikaribishwa chai na Bruda Mkuu. Nani angemwita mtoto pembeni amuulize?

Na aliona padre mmoja, tena mzaliwa wa Leabeg, Roscommon, karibu na kijiji cha Ballymoe, Galway. Edward Flanagan alihamia Marekani mwaka 1904, akapadrishwa mwaka 1912, na mwezi Desemba 1917 alikodi nyumba mjini Omaha, Nebraska, kwa dola 90 za kukopa, akaanza kuishi na wavulana waliotoka mahakamani na mitaani. Kutoka hapo ikakua Boys Town, ambako wavulana wa rangi na dini zote walipokewa pamoja na kumchagua meya wao wenyewe. Mwaka 1938 kazi yake ilitengenezewa filamu iliyompatia Spencer Tracy tuzo ya Oscar, hivyo alipoitembelea nchi yake mwaka 1946 alipokewa kama mfalme. Kumbi zilijaa. Watu walitazamia sifa, naye mjini Cork akawaambia wasikilizaji wake kwamba wao wenyewe ndio wanaoruhusu watoto wapelekwe katika nyumba za adhabu, na kwamba wanaweza kulikomesha jambo hilo. Magereza na shule za aina hiyo aliziita aibu kwa taifa.

Tuangalie alivyojibiwa. Bungeni Waziri wa Sheria, Gerald Boland, alisema haoni haja ya kuyajali maneno ya Monsinyori Flanagan kwa kuwa yametiwa chumvi mno. Magazetini yakafuata mabishano, na lawama zikamgeukia mgeni: amekaa siku chache tu, anajua nini? Flanagan alirudi Omaha, na tarehe 15 Mei 1948 akafa mjini Berlin, alikokuwa ametumwa na serikali ya Marekani kushauri juu ya vijana walioachwa na vita. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa Omaha mwaka 2012. Miaka 16 baada ya hotuba yake, mwaka 1962, padre mlezi wa kiroho wa Artane naye alimwandikia Askofu Mkuu wa Dublin kueleza ukali wa nidhamu na mavazi duni aliyoyaona mle ndani. Shule ikaendelea miaka saba zaidi. Mwaka 1970 kamati iliyoongozwa na hakimu Eileen Kennedy ilishauri ruzuku ya kichwa iondolewe na watoto walelewe katika makundi madogo yanayofanana na familia. Serikali iliomba radhi mwezi Mei 1999. Mwaka 2002 mashirika yalikubali kuchangia euro milioni 128 za fidia, na gharama yote, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2017, ilifikia kama euro bilioni 1.5. Haba na haba ya ruzuku za juma kwa juma haikukijaza kibaba cha namna hiyo.

Wapo watakaosema: basi fedha za serikali zisiguswe. Hatukubaliani nao. Watoto hawa ni wa taifa, na kodi za wazazi wao zimo humo. Kosa halikuwa fedha kutoka hazina. Kosa lilikuwa kuhesabu vitanda na kuacha kuhesabu waliofaulu. Marekani, baada ya sheria ya elimu ya shule za msingi na sekondari ya mwaka 1965, ilipanua msaada huo mwaka 1966 ili uwafikie watoto walio katika taasisi za waliotelekezwa na za wakosaji. Huko nako hesabu huanzia kwenye idadi ya watoto, na magereza ya vijana ya nchi hiyo yana machozi yake. Lakini sheria hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inalitaka jimbo litenge kati ya asilimia 15 na 30 ya fedha zinazopewa taasisi zake kwa ajili ya kumsindikiza mtoto anapotoka, arudi shuleni au aingie katika mafunzo na kazi; na angalau kila miaka mitatu mpango upimwe kwa kuangalia wangapi waliendelea na masomo na wangapi walipata vyeti. Kijana wa Artane aliyefunguliwa mlango hakuwa na wa kumsindikiza.

Kwetu Tanzania ipo Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yapewe leseni na yakaguliwe. Baadhi yenu mmetuuliza kama mkaguzi akija parokiani tumwandalie chakula cha heshima. Tumwandalie, sisi si watu wa kumwacha mgeni na njaa. Ila baada ya chakula tumwache peke yake na watoto, Paroko akiwa mbali na mlango.

Tumelisoma tena andiko, safari hii bila kalamu. Kati ya watoto 23 ambao wanajumuiya waliwaorodhesha kwa majina, 17 wana mama, bibi au shangazi anayejulikana anapoishi. Tutauliza kwanza ingegharimu kiasi gani kumlipia kila mmoja sare, daftari na mlo wa mchana akiwa analala kwao. Kwa wale sita waliobaki bado tunahitaji nyumba, na tunadhani nyumba ya watoto sita haihitaji ghorofa.

Kikao ni Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, katika ukumbi wa WAWATA. Tunawaomba walioandaa andiko waje na ukurasa mmoja wa nyongeza, unaoonyesha mtoto wa makao hayo akitaka kumshtaki Paroko atakwenda kwa nani, na nauli ya kumfikisha huko ataitoa wapi.