Nani Aliipangia Sinema Mwendo?

Mwaka 1952 Van Bever, ofisa aliyeshughulikia sinema katika Kongo ya Ubelgiji, alitoa kitabu Le cinéma pour Africains. Humo aliwaelekeza watengenezaji: kisa kiwe chepesi, mwendo uwe wa polepole, mbinu za kamera ziachwe. Aliamini kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata zaidi ya hapo.

Dharau hiyo haikuanzia Kongo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, mradi wa Notcutt na Latham ulitengeneza filamu 35 za mafunzo kwa misingi kama hiyo, ukazitembeza kwa lori hadi Kenya na Uganda. Nchini Kongo, tangu amri ya 1945, Mkongo hakuruhusiwa kuona filamu isiyopitishwa na tume ya serikali.

Hata hivyo waigizaji walipata upenyo. Huko Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwenzake mwembamba. Mahubiri yalizielemea filamu hizo, lakini wachekeshaji walijua lini wasite na lini waanguke. Uhai wote wa filamu hizo umo katika miili yao.

Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim, wa Lubumbashi, walitoa Machini, filamu ya dakika 10 juu ya maisha kando ya viwanda vya madini. Watu wake ni vijiwe, dunia yao imechorwa kwa chaki. Jiwe linasogezwa kidogo, linapigwa picha, linasogezwa tena. Kwa picha 24 kila sekunde, dakika 10 ni picha 14,400. Mwendo wake wa kukatikakatika unafanana na mashine inayowatawala watu wale, na hapo ndipo nguvu ya filamu ilipo. Udhaifu wake ni kwamba picha ni nyingi kuliko kisa, hivyo aliyezoea kumfuata mhusika mmoja anaweza kupotea.

Lakini safari hii mwendo umechaguliwa na wasanii wenyewe, bila mtu kuwapimia watazamaji akili.

Shule na parokia za Kibombo, Kindu na kwingineko Maniema zitafute filamu hizi, ziwaonyeshe vijana usiku mmoja: kwanza Matamata na Pilipili, kisha Machini. Halafu ziwape kamera.