Kina cha Maji na Mwendo wa Wimbi

Mvuvi wa pwani yetu ajua kwamba wimbi likikaribia mwamba hupunguza mwendo na kuinuka. Mwaka 1781 mtaalamu wa hesabu Joseph-Louis Lagrange alionyesha kanuni yake: maji yakiwa haba kuliko urefu wa wimbi, mwendo hutokana na kina. Zidisha kina kwa mchapuko wa uvutano wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Wimbi la tsunami ni refu mno, hata bahari kuu kwake ni maji haba. Penye kina cha meta 4,000 huenda kilometa 700 kwa saa. Penye meta 10, kilometa 36 tu. Hapo ya nyuma huyasukuma ya mbele, na wimbi hupanda.

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka Sumatra. Mawimbi yalifika kwetu baada ya zaidi ya saa nane. Fukwe za Mombasa ziliondolewa watu, na Kenya ikapoteza mtu mmoja. Tanzania walikufa wasiopungua 10, baadhi yao wakiogelea. Muda ulikuwapo, habari ndiyo iliyokosekana. Basi kanuni hii tusiifundishe kwa ajili ya mtihani tu.