Daraja Jipya la Jinja

Msafiri wa barabara ya Mombasa afikapo Mlolongo, katika kaunti yetu ya Machakos, huona malori yaliyofuatana yakingoja kupimwa uzito; na jina la mji huo latokana na safu hiyo. Mengi kati yake yaenda Uganda, Rwanda na Kongo. Muda wa miaka 64 safari hiyo ilitegemea mahali pamoja pa kuvukia mto Nile, yaani juu ya ukuta wa bwawa la Owen Falls, huko Jinja.

Bwawa hilo lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Kusudi lake lilikuwa umeme. Barabara ilipitishwa juu yake ili kazi moja ilete faida mbili. Kwa siku zile ilikuwa hesabu nzuri. Lakini magari yaliongezeka, na mizigo ikazidi kuwa mizito, hali njia ilikuwa nyembamba kama ilivyokuwa. Tena nyufa zilitokea katika zege la jengo la mitambo. Wala kisa hakikuwa malori: mawe yaliyochanganywa na saruji yalikuwa ya namna inayoingiliana nayo, zege likavimba polepole toka ndani. Basi fikiri, msomaji: ukuta ule ukiharibika, taa zazimika na barabara yakatika siku moja.

Kwa hiyo wataalamu wa Uganda na Japani walipopima jambo hili, hawakutaka kutia viraka. Waliona yafaa barabara itengwe kabisa na umeme. Mwaka 2010 Japani ilikubali kutoa mkopo. Jiwe la msingi likawekwa mwaka 2014. Na tarehe 17 Oktoba 2018 daraja likafunguliwa. Lina urefu wa mita 525, nalo limeshikwa na nyaya nene zishukazo toka minara miwili mirefu. Toka mkopo hata kuvuka ilipita miaka minane, na muda huo wote ukuta wa zamani uliendelea kubeba malori. Angalau ulivumilia.

Huko kaskazini, daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, halikupata mwenzi wa namna hiyo. Lilipofungwa mwaka 2024 ili litengenezwe, magari yaendayo Arua yalilazimika kuzunguka kwa njia nyingine.