Meko ya Chumvi ya Uvinza

Kazi yangu ni kujenga matanuri ya chokaa, kwa hiyo nikiwa Uvinza, magharibi mwa Tanzania, huanza kutazama meko kabla ya chumvi. Maji ya chumvi huchipuka kando ya mto Ruchugi, karibu na unapoingia mto Malagarasi, na watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Watafiti John Sutton na Andrew Roberts walipochimba mwaka 1967 walikuta meko ya zamani na vigae vya vyungu. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Masika mto hufurika ukafunika chemchemi. Chumvi ilibebwa hadi soko la Ujiji, ikavushwa Ziwa Tanganyika.

Chungu juu ya mafiga hupoteza moto mwingi pembeni, lakini naliheshimu sana jiko lile: familia ililijenga yenyewe, ikachemsha, ikaondoka na chumvi yake. Wajerumani walipoleta kiwanda mwanzoni mwa karne ya 20, mchemshaji huyo wa msimu alinyang'anywa uamuzi. Kuni, hata hivyo, ziliendelea kuhitajika. Mchoma chokaa msitu ukimwishia hulisogeza tanuri, akasomba mawe. Chemchemi haisogei; Uvinza zilisombwa kuni, kila mwaka kutoka mbali zaidi.